Sauti Niliyoiazima kwa Matiko

Mugumu,
Jumapili jioni, Februari.

Mwanangu Ghati,

Mwezi huu natimiza miaka ishirini na saba tangu nivuke Mto Mara kuja upande huu. Kutoka hapa hadi Tarime ni safari ya asubuhi moja tu. Mtu akiondoka baada ya chai, chakula cha mchana anakikuta kule. Kwa miaka yote hiyo sijakila. Kesho utakila wewe.

Sitaandika habari za chandarua, wala za kuripoti mapema kwenye zahanati uliyopangiwa, wala za kuchagua chumba chenye dirisha zuri. Majirani wamekwisha kukuambia, mengine mara mbili. Ninaandika kwa sababu ya Alhamisi.

Alhamisi alasiri ulikuwa uani ukijiandaa kwa usaili wa kile kikundi cha maigizo cha kujitolea cha Nkende, pale Tarime. Ulikuwa umenieleza kwa furaha kwamba nesi mwenzako aliyeko huko amekuandikisha, usaili ni Jumamosi, na wana utaratibu wao wa ajabu: hupewi karatasi ya kusoma, bali unatakiwa "kuleta mtu." Unamchagua mtu ambaye hayumo ukumbini, unaingia na sauti yake na mwendo wake, na wao wanatazama kama amefika. Nilikuambia ni utaratibu mzuri. Sikukuambia kwamba naujua.

Ulianza na yule mama muuza ndizi wa stendi. Nilicheka peke yangu ndani, maana alikuwa yeye mtupu, hata kile kikohozi chake cha kukataa bei. Kisha nikasikia mwanamume katika uani wangu akisema taratibu, kama mtu aliyechoshwa na njia:

"Nani huyu ananifungia kama ng'ombe?"

Nikatoka. Ulikuwa peke yako, kanga begani.

"Huyo ni nani?" nikakuuliza.

"Sijui, baba. Amekuja tu. Mzuri, eeh? Nadhani nitampeleka huyu."

Nikasema ni mzuri. Nikaenda kumfunga ng'ombe ambaye alikuwa amekwisha kufungwa. Uliniona namfunga mara ya pili, ukaniuliza kama naumwa, nikasema ni jua.

Halikuwa jua. Sauti ile naifahamu. Niliwahi kuitumia mimi, na wewe umezaliwa kwa sababu niliitumia.

Unajua kazi niliyofanya hapa mpaka nikastaafu. Karani wa mahakama ya mwanzo huandika maneno ya mashahidi, na nilijifunza mapema kwamba shahidi mzuri hutenganisha alichokiona na alichodhani. Nitajaribu kufanya hivyo. Pale nitakaposhindwa nitakuambia kwamba nimeshindwa.

Nilipokuwa kijana nilitoka kwetu Susuni nikaja Tarime mjini kuwa karani wa ghala la kahawa. Nilisoma kila nilichokipata, hata magazeti yaliyofungiwa sukari. Kikundi hicho hicho cha maigizo kilikuwa kimeazimwa ghala moja tupu, nacho kilikuwa cha watu wa kila namna: walimu, manesi na maofisa waliopangiwa kazi kutoka mikoa mingine, pamoja na sisi wenyeji wachache. Kiongozi wake alikuwa Mwalimu Elia, mtu wa Moshi, mchangamfu, asiyechoka. Nilijaribiwa mara mbili nikaanguka mara mbili.

"Marwa," aliniambia mara ya kwanza, "ukisema 'karibu,' mgeni anatafuta pa kukimbilia."

Mara ya pili nesi mmoja wa Singida akamalizia: "Huyu hata akisema 'nakupenda' inasikika kama kesi."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, lakini usiku sikulala. Nilitaka sana kusikilizwa, mwanangu. Usije ukadhani mengine yote yalianzia kwenye mizimu. Yalianzia hapo.

Nilikuwa na rafiki aliyeitwa Matiko. Aliishi pembeni mwa Nkende na mama yake, mjane, naye ndiye aliyekuwa mtoto pekee. Boma lao lilizungukwa na minyaa, na lango mama yake alilifunga kwa matawi ya miiba kila wingu lilipoonekana, hata kama mwanawe bado yuko nje. Kila aliporudi Matiko alisimama pale akauliza, "Nani huyu ananifungia kama ng'ombe?" na mama yake akajibu kutoka ndani, "Ni mimi, mvua ilikuwa inakuja. Mbona umechelewa?" Nililisikia jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba lilikuwa kama salamu ya nyumba ile.

Matiko akaenda kuchimba na wachimbaji wadogo upande wa Genkuru. Masika moja shimo likaporomoka. Waliokuwemo walitolewa wote, mmoja baada ya mwingine, Matiko hakuwemo. Kuna walioapa kwamba aliingia asubuhi ile. Kuna walioapa kwamba walimwona Sirari akivuka kwenda Kenya. Kwa hiyo hakuna aliyemlilia wala aliyeacha kumngoja.

Mwaka mmoja baadaye nilikwenda kwenye usaili wa tatu, nikamleta Matiko.

Mama yake ndiye aliyefagia lile ghala. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba alifagia asubuhi, usaili ulikuwa alasiri, nisingeweza kujua. Maelezo sahihi ni haya: sikuangalia. Niliingia kwa mwendo wa Matiko, ule wa kuburuza kidogo mguu wa kushoto, nikasimama katikati, nikasema maneno yake ya langoni. Nyuma kabisa ufagio ukanyamaza.

"Ni mimi," akajibu mtu. "Mvua ilikuwa inakuja. Mbona umechelewa?"

Wageni wakapiga makofi. Mwalimu Elia akaruka kwenye kiti. "Safi sana! Na huyu mama naye aingie kwenye mchezo!" Wenyeji walikuwa wanatazama chini. Mimi nilikuwa nimebaki katikati ya ghala na jambo la ajabu mdomoni: nilitaka kuwashukuru watu kwa sauti yangu, na sauti yangu haikuja. Haikuchukua muda mrefu, labda pumzi tatu. Lakini katika pumzi hizo tatu kulikuwa na mtu aliyetaka kuendelea kusema, na mtu huyo hakuwa mimi.

Hilo ni nililolisikia mwilini mwangu. Sikudhani, nilisikia.

Nafasi nikapata. Jumatatu Mama Matiko akanifuata ofisini. Nilisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinitazame hivyo, mura, kijana wangu, akili zangu ninazo. Wewe ni Marwa wa Susuni. Najua."

"Mama, nilikuwa naigiza tu."

"Eeh, wewe uliigiza. Yeye akapata mlango. Hayo ni mambo mawili."

Kisha akaniambia alichotaka. Wewe umekulia Mugumu, lakini nyumba ntobhu umewahi kuisikia: mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa mke kwa ajili ya nyumba yake, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba hiyo. Mwanamume anayezaa naye hahesabiwi. Mama Matiko alitaka kuoa ili nyumba ya mwanawe isizimike. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwama mahali pamoja. Kama Matiko amekufa, waendelee. Kama yu hai, hawawezi kumwolea mtu mke bila neno lake. Nao hawakujua yuko wapi.

"Neno moja tu," akasema. "Uje Jumamosi langoni, uwaache wamsikie. Aseme, 'Mlete.' Basi."

Ningeweza kukataa. Nimeandika mashauri ya watu wengi waliosema "sikuwa na jinsi," na mara nyingi jinsi ilikuwepo. Nilikubali kwa huruma, ndiyo. Lakini nilikubali pia kwa sababu hakuna aliyewahi kunipa nafasi kubwa kama ile.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, vivuli vimejificha chini ya miguu ya watu. Wazee watano walikaa kwenye vigoda ndani ya boma. Binti aliyechaguliwa alikaa mlangoni mwa nyumba, mwenye miaka kama ishirini, kitambaa kichwani, akitazama mikono yake. Mimi nilisimama nje ya lango, nyuma ya miiba, wasinione. Nikasema, "Mama, mlete."

Hilo neno lilikuwa langu. Nataka ulishike hilo, kwa sababu yaliyofuata sina hakika nayo.

Yaliyofuata ni kwamba sikunyamaza. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Na shoka langu lisikae mvuani. Lipo juu ya ghala la mtama, nimelifunga kwa gunia la bluu." Mzee mmoja akanyanyuka, akapanda, akapekua chini ya nyasi. Akashuka na kitu kilichofungwa kwa gunia la bluu. Alipokifungua, lilikuwa shoka. Mama Matiko aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekumbushwa jambo dogo la nyumbani.

Nimejieleza kwa miaka ishirini na saba kwamba pengine Matiko aliwahi kuniambia habari za shoka hilo, tukiwa tunakunywa, nami nikasahau. Inawezekana. Sikumbuki kuambiwa.

Binti yule mlangoni alikuwa Rhobi, mama yako.

Ndiyo. Ulipouliza wakati wa msiba wake kwa nini hakuna hata ndugu mmoja aliyevuka mto kuja kumzika, nilikuambia ugomvi wa mashamba. Nilidanganya juu ya kaburi lake, naye alikuwa ameniomba nikueleze ukweli kabla hujavuka mto. Nimengoja mpaka mkesha wa safari yako, jua linazama na begi lako liko mlangoni.

Akaolewa na nyumba ile. Mama Matiko alimtendea vizuri. Walikula chungu kimoja, walilima pamoja, hakumtuma kama mtumwa. Halafu ikafika zamu ya kuchagua mwanamume, na yule mama akanichagua mimi. "Sauti iko kwako," alisema. "Damu itaifuata." Nilikwenda. Siku ya kwanza Rhobi alinisimamisha mlangoni, akaniambia kwa upole kabisa:

"Ukiingia hapa ingia na sauti yako mwenyewe. Nikisikia ile nyingine, napiga kelele mpaka Sirari wasikie."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Baadaye akacheka, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda, jambo ambalo halikuwemo katika mpango wa mtu yeyote.

Mimba ilipofika miezi mitano, Mama Matiko alianza kuja kila asubuhi kuisalimia. Aliinama mbele ya tumbo la Rhobi akaongea nalo habari za mtama na za mvua. Hilo halikutusumbua. Asubuhi moja akaniita karibu. "Sema na mtoto," akanambia. "Asije akazaliwa haijui sauti ya baba yake."

Nilielewa anamtaja nani. Rhobi alinitazama na kutikisa kichwa, hapana. Nilimtazama yule mama, na jinsi alivyokuwa amevaa nguo yake ya kanisani kwa ajili ya jambo hilo. Nikainama. Nikasema maneno aliyotaka kuyasikia, yale yale ya langoni, kwa sauti ya mwanawe.

Tumbo likageuka, Ghati. Niliona kwa macho yangu, chini ya kitambaa, kama mtu anayejigeuza kitandani aitwapo. Mama Matiko akasema, "Amesikia."

Kwa hiyo unaona kwamba uliponiambia Alhamisi kuwa hujui sauti ile umeitoa wapi, mimi nilijua.

Rhobi hakunipigia kelele. Mama Matiko alipoondoka aliniambia tu, "Kesho naondoka. Ukitaka kuja, njoo. Mwanangu hatazaliwa na watu wawili ndani yake." Asubuhi tuliondoka kama watu wanaokwenda mnadani. Mama Matiko alikuwa langoni akiondoa miiba. Akatuuliza kama tutarudi na chumvi. Nikasema ndiyo.

Jambo hilo la chumvi limenisumbua kuliko shoka. Tulimwachia nyumba tupu kwa mara ya pili, na mara hii si shimo lililoporomoka, bali watu wawili aliowaamini. Baba yangu alikufa Susuni mwaka wa tatu. Nilipata habari siku tisa baada ya maziko. Sikwenda. Kila mtu anayesema kwamba hakurudi kwao kwa sababu ya hatari, mwulize pia habari za aibu.

Mara moja nilijaribu. Ni mwaka ule aliofariki mama yako, miaka sita iliyopita. Nilitaka kwenda kumwambia yule mama. Gari likafika darajani, juu ya Mto Mara, kondakta akaniuliza nashukia wapi. Nilifungua mdomo niseme Nkende stendi. Aliyejibu hakuwa mimi. Alisema, "Nipeleke nyumbani, nimechelewa," na kondakta akasema sawa mzee, bila kushangaa, kwa kuwa hakujua sauti yangu ikoje. Nilishuka ng'ambo ya daraja, nikarudi kwa miguu mpaka nilipopata gari jingine. Njia nzima sikusema neno. Nilipofika hapa uani ulinisalimia, nikaogopa kuitikia.

Wapo watu wa Tarime wanaokuja huku kwa mambo ya mnada, nami huwauliza kwa mzunguko. Mama Matiko yu hai. Macho yamekwisha. Kufagia ameacha, lakini kila kikundi kinapofanya usaili anaongozwa mpaka ghalani, anawekewa kiti nyuma, anakaa mpaka wa mwisho ajaribiwe. Vijana wa sasa wanadhani ni bibi anayependa michezo. Wanampa soda.

Jumamosi atakuwepo. Sasa unajua ni nini unachotaka kumpelekea.

Sikukatazi. Nilipokuwa na umri wako ningekatazwa ningefanya mara mbili. Nakuambia tu nilichojifunza kwa bei mbaya. Nilidhani usaili unapima kama unaweza kumleta mtu. Kumleta si kazi. Mimi nilimleta kwa sentensi moja. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kumwondoa, wala kama kuna mtu anayemngoja, wala kama yeye mwenyewe amekubali kuletwa. Mlete mama muuza ndizi. Yu hai, ukimwomba ruhusa atacheka na kukuuliza utamlipa nini.

Lakini kuna jambo lingine, nalo ni gumu kwangu kuliko lile. Kwa mila ya nyumba ile wewe si mtoto wa Marwa. Ng'ombe walitolewa, neno lilisemwa, mama yako aliolewa pale. Wewe ni binti wa Matiko, mjukuu wa yule mama, na ndiye mtu pekee aliyebaki wa nyumba yake. Akikujua atakuita mjukuu, wala hatakuwa amekosea. Nimekulea, nimekubeba mgongoni ukiwa na malaria mpaka hospitali, nimekufundisha kusoma kwenye nakala za hukumu. Yote hayo hayanipi haki ya kukuficha kwake. Ukiamua kumpokea, sitahesabu kwamba umeniacha. Ukiamua kutompokea, sitakuuliza sababu.

Ninaloomba ni moja. Usingoje Jumamosi. Nenda nyumbani kwake kabla, mchana, kwa sauti yako mwenyewe, ile ya kuwasalimia wagonjwa. Mwambie wewe ni mtoto wa Rhobi. Mwambie Rhobi alikufa akimtaja kwa wema, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kisha mwambie neno lile la langoni, "mlete," nilisema mimi, Marwa wa Susuni, kwa hiari yangu, na mwanawe hakuwa na habari nalo. Shoka sijui. Mwambie hivyo hivyo, kwamba shoka sijui. Amengoja miaka hii yote akiamini mwanawe alisema naye. Huenda nitakuwa nimemnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho. Nimelifikiria hilo tangu Alhamisi. Bado naona afadhali amjue aliyemdanganya, amlaani kwa jina, kuliko kukaa kwenye kile kiti nyuma ya ghala akisubiri mwingine aingie.

Atakuuliza niko wapi. Mwambie Mugumu, usimfiche. Atakuuliza kama nitakuja, maana yeye ni mtu wa kuuliza hivyo. Hapo usinitafutie maneno mazuri, wala usiseme tutaona. Mwambie hapana.

Mimi Tarime sitarudi.

Baba yako,
Marwa